Mwanamke Anayejibu Mwishoni mwa Wimbo

Dada yangu mpendwa Kahindo,

Jana jioni, baada ya kimya chote kile, simu yangu ililia nikakuta umeniandikia. Hapakuwa na salamu wala jina langu, hata alama ya kuuliza hukuweka. Uliandika tu: “Siku ya harusi yako nilisikika vizuri”. Nililia nikiwa nimeshika mwiko, mpaka Amani akatoka mbio chumbani akidhani nimeungua.

Nitakujibu. Lakini nikikujibu kwa ndiyo au hapana nitakuwa nimekimbia, na nimekwisha kukukosea vya kutosha. Kwa hiyo ninakuandikia barua, tena barua ya wazi, ili waisome na wale waliokuwa ukumbini siku nilipokutaja. Nilikukosea mbele yao. Si haki nikuombe radhi chumbani.

Kwanza nikuambie jambo ninaloona haya kuliandika: nina furaha. Nina furaha mpaka asubuhi nyingine ninaamka nikicheka. Tunakaa Keshero, hapa hapa Goma, chumba na sebule, na ukisimama juu ya jiwe kubwa la nyuma ya nyumba unaliona ziwa katikati ya mabati ya majirani. Amani anasema lile ndilo dirisha letu. Anaamka kabla yangu, anachota maji, kisha anarudi kujilaza kana kwamba hakuamka, ili nikifumbua macho nimkute pale pale. Unaona ni mwanamume wa namna gani nimepewa? Kazi yake ni kuchomelea milango ya chuma kule Ndosho, na siku aliyonitongoza alisema yeye ni fundi wa milango, lakini mlango wangu hataufunga hata siku moja. Nilimpenda hapo hapo. Hakujua kwamba maneno yale, kabla ya kufika kinywani mwake, yalitoka kinywani mwako.

Na kila ninapofurahi namna hii, dada, ninakumbuka mahali unapokaa siku hizi kanisani, na ninasukuma sahani kando.

Unaikumbuka nyumba yetu ya Ndosho, na ule uzio wa mbao uliotutenga na karakana ya seremala? Muzee Bonane hakuwa muzee wakati ule. Tulimwita Papa Bonane. Alikuwa mtunzi, nyimbo zake waliimba wengine, kwa sababu yeye mwenyewe alisema sauti yake ni ya kuitia mbuzi. Kikundi chake kilifanya mazoezi kwenye karakana ile kila seremala alipokwenda kutafuta mbao. Siku hiyo wewe ulikuwa unaanika nguo juu ya mawe meusi ya volkano, na mimi, mtoto mdogo, ninakupa moja moja. Upande wa pili mwanamume aliimba maswali yake: umetoka wapi, mvua imekukuta wapi, nani amekusindikiza, mbona jua limezama hujafika. Maswali tupu, wimbo mzima. Mwishoni mwanamke alitakiwa kumjibu mara moja tu, basi. Msichana waliyemleta alijibu kama mtu anayesoma tangazo. Wakarudia, wakarudia tena, mpaka ukachoka. Ukiwa na shati la baba mkononi, bila kupaza sauti, ukajibu kutoka huku kwetu kama unavyomjibu mtu wa nyumbani:

“Niko njiani, usifunge mulango.”

Magitaa yakanyamaza. Juu ya uzio kikatokea kichwa cha Papa Bonane, nywele zimejaa unga wa mbao, akakuuliza kwa heshima kabisa kama unaweza kumchelewesha tena yule bwana wa kwenye wimbo namna ile ile.

Ulimkatalia, na sote tulijua kwa nini. Kanisani kwetu mwanakwaya aliyeimba nyimbo za dunia aliondolewa kwenye kwaya, akakaa kwenye benchi la karibu na mlango, kila anayeingia amwone, mpaka wazee waridhike kwamba ametubu. Tulimwona dada Furaha akikaa pale kwa sababu tu alicheza kwenye harusi ya binamu yake, tena alicheza vizuri, na nadhani hilo ndilo lililowaudhi. Na mama yetu alikuwa kiongozi wa wamama wa kanisa lile lile.

Papa Bonane hakurudi. Alimtuma mkewe, Mama Rejina, na Mama Rejina hakuomba kitu. Aliketi kwetu, akatwanga sombe, majani ya muhogo, pamoja nawe, akasema kwamba wimbo usio na jibu ni mwanamume anayesema peke yake, na wa namna hiyo anaye mmoja nyumbani, anamtosha. Ulicheka mpaka mchi ukakuponyoka. Kisha ukasema utaimba kwa sharti moja: jina lako lisitajwe, popote, kamwe.

Siku ya kurekodi tulimwambia mama tunakwenda kwenye mazoezi ya kwaya. Nilibeba mfuko wako wenye kitabu cha nyimbo na vazi la kwaya, ili uongo wetu uwe na uzito. Njia nzima niliukumbatia kama mtoto mchanga. Kile chumba cha kurekodia kilikuwa na magodoro yaliyosimamishwa ukutani, na jenereta ilikuwa imewekwa karibu mno na dirisha. Niliketi kwenye kona nikiwa nimeziba mdomo kwa viganja viwili. Ulipofika kwenye jibu lako uliimba “Niko njiani”, moshi ukakukaba, ukavuta pumzi kidogo kama mwenye kwikwi, ndipo ukamalizia “usifunge mulango”. Uliomba urudie. Hapo hapo jenereta ikazimika, mafuta yamekwisha, na Papa Bonane akasema basi, inatosha, hivyo ndivyo anavyopumua mtu aliyekuja mbio.

Tulirudi nyumbani umenuna. Na tangu hapo, kila ule wimbo ulipopita redioni, uliniinamia sikioni ukanong’ona, “Pale niliharibu.”

Uliharibu, mji mzima ukapenda. Leo ni bibi harusi gani wa Goma ambaye hakuingia ukumbini na *Usifunge Mulango*? Hata wachungaji wameuzoea. Unapopigwa wanatazama dari huku vidole vyao vikipiga meza. Mama alifariki bila kujua. Wewe uliolewa na shemeji Paluku, mkahamia Butembo, yeye akawa shemasi na wewe ukapewa kwaya nzima uiongoze. Wapigaji magitaa wa zamani walitawanyika. Nami niliishi na siri yetu kama mtu aliyeficha peremende mdomoni, ninaisikia utamu wake peke yangu.

Halafu nikaolewa, na hukuweza kuja. Barabara ya Butembo ilikuwa haipitiki, ndege hakuna, na kuzunguka njia ya Uganda ukiwa na mtoto anayenyonya shemeji hakukubali, naye hakukosea. Nililia kwenye simu mpaka ukanikemea. Ukasema, “Zawadi, ingia na wimbo ule. Mimi nitakuwa nimekuja.”

Niliingia nao. Namna ulivyoisha nitakueleza mwishoni, kwa kuwa hilo ndilo uliloniuliza. Siku ile nilikuandikia tu kwamba ulikuwa nasi, kisha nikajitupa mikononi mwa furaha yangu nikasahau mengine yote.

Sasa nije kwenye kosa.

Majuma machache baada ya harusi tulisikia kwamba Muzee Bonane ataketi na wapenzi wake katika ukumbi mmoja hapa mjini, ajibu maswali yao. Amechoka siku hizi, mguu mmoja umevimba, na watu walisema huenda ikawa mara ya mwisho. Nilivaa kile kitenge cha kijani ulichonitumia kwa mfanyabiashara. Nilimshika Amani mkono barabarani bila aibu. Dada, nisikudanganye: nilitaka watu wanione. Nilikuwa bibi harusi mpya, nilihisi kama mji mzima umealikwa kwenye ndoa yangu na haujamaliza kuondoka.

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Muzee alikuwa mbele kwenye kiti cha plastiki, Mama Rejina pembeni yake. Motari mmoja alisimama na kofia yake ya pikipiki chini ya kwapa, akasema yeye amebeba mabibi harusi wengi na wote wanaimba ule wimbo, sasa anataka kujua kama muzee mwenyewe alishawahi kufungiwa mlango. Muzee akamwelekeza kwa mkewe: “Uliza huyu mama. Ni yeye iko na funguo.” Mshonaji mmoja akauliza kwa nini nyimbo zake hazina majina ya watu, wakati wanamuziki wengine wanataja wakubwa na wafadhili mpaka wimbo unageuka kuwa orodha ya wageni. Muzee alijibu kwamba majina yanazeeka haraka kuliko wimbo. Mjane mmoja mzee akataka kujua kama mwishoni yule mwanamume aliufungua ule mlango. “Mama, mimi niliandika mpaka pale,” akasema muzee. “Nilikuwa nimechoka kusimama inje.” Na mtu alipomuuliza kama aliwahi kumwandikia mkewe, Mama Rejina alichukua kipaza sauti mwenyewe akasema anaandikiwa kila siku, maneno ni yale yale: chumvi ni kidogo.

Nilicheka mpaka nikamwegemea Amani. Ulikuwa mchana mtamu sana. Ungekuwepo ungejibana mbavu.

Ndipo msichana mmoja akauliza swali ambalo watu wamemuuliza muzee maisha yake yote: yule mwanamke anayejibu mwishoni ni nani? Muzee akajibu kama alivyojibu siku zote, kwamba ile sauti iko na mwenyewe. Ukumbi ukanung’unika. Mshereheshaji, kijana mwenye maneno mengi, akasema basi watu wabahatishe. Mmoja akasema ni mwimbaji wa Bukavu. Mwingine akaapa ni Mrundi. Bwana mmoja mwenye kofia akasema ni mke wa zamani wa mjomba wake, alikuwa anamsikia akiimba bafuni, na watu wakamuuliza yeye alikuwa anafanya nini karibu na bafu la mjomba. Kila mmoja aliichukua sauti yako akampa mtu mwingine, na mimi nikavumilia. Kisha msichana aliyekaa nyuma yangu akamwambia mwenzake, “Labda hata hakukuwa mutu. Siku hizi sauti wanazitengeneza na mashini.”

Hakukuwa mutu. Wewe, uliyenisuka nywele kila Jumamosi. Wewe, uliyekabwa na moshi.

Nilisimama. Amani alinishika kitenge akidhani ninajisikia vibaya. Nikasema kwa sauti iliyofika madirishani kwamba ni dada yangu. Nikataja jina lako la nyumbani na la ubatizo. Nikasema uko Butembo, kwamba mumeo ni shemasi, kwamba unaongoza kwaya. Sikuulizwa hayo yote, dada. Nilikuwa nayamwaga tu kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa kupita kiasi. Na watu waligeuka wakanitazama, kitenge changu cha kijani, pete yangu, uso wangu, na kwa muda mfupi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Kisha nikamwona Mama Rejina akijifunika uso kwa pindo la kitenge chake.

Muzee Bonane alinitazama. Hakukasirika. Alionekana kama mtu anayetafuta kitu mfukoni na hakioni. Akasogeza kipaza sauti.

“Mutoto wangu, unakosea,” akasema. “Yule mama alikwisha kufa.”

Watu waliguna kwa huruma, halafu wengine wakaanza kunicheka, nikaketi. Nyuma yangu mtu akasema mabibi harusi wa siku hizi wanataka kila kitu kiwe chao, hata marehemu. Na yule mshereheshaji, kwa kuwa hakujua afanye nini, akawaomba watu wasimame kidogo kwa heshima ya marehemu. Viti vikasukumwa. Motari akavua kofia ambayo alikuwa amekwisha kuivaa. Ukumbi mzima ukainamisha vichwa.

“Simama, mpenzi,” Amani akaninong’oneza. “Wanatuangalia.”

Nilisimama. Niliinamisha kichwa pamoja nao kumwombolezea dada yangu aliye hai, ambaye saa ile pengine alikuwa anaosha vyombo. Nilijua kwamba nikifungua mdomo tena nitakuwa nimekusaliti mara ya pili, na nikiufunga nimekubali kukuzika. Niliufunga.

Baadaye nilimfuata muzee nyuma ya ukumbi. Alikuwa amevua kiatu cha mguu uliovimba, Mama Rejina anaukanda. Nilitaka kupiga magoti, Mama Rejina akanizuia, akasema kitenge kizuri hicho kisipate udongo. Muzee hakunigombeza. Alisema kwamba uliomba kitu kimoja tu, na kwa miaka yote hii alikitunza bila taabu, kwa sababu kunyamaza ni rahisi. Kumbe mimi nimemlazimisha kusema. “Nilitafuta mahali pa kumuficha,” akaniambia, “nikaona tu kaburi.”

Nikamweleza kwamba sikuvumilia kusikia sauti yako ikigawiwa watu. Akatikisa kichwa kama anayeelewa. Kisha akauliza, polepole, jinsi anavyouliza yule mwanamume wa wimbo:

“Ulisimama juu yake, ao juu yako?”

Nilitazama kitenge changu. Dada, swali lile ninalala nalo. Ninampikia Amani ninalisikia. Anapocheka ninalisikia. Sehemu yangu moja ilisimama kwa ajili yako, hilo ninaweza kuapa. Lakini nyingine ilisimama ili watu waone kwamba bibi harusi huyu ana jambo kubwa kuliko la kila mtu pale. Nilikuwa na furaha nyingi, na bado nilitaka ya kwako niiongeze juu.

Njiani nilimsimulia Amani yote. Nilingoja anilaumu. Akasema kumbe alinitongoza kwa maneno yako, wewe shemeji yake, sasa atakutazamaje usoni. Ndivyo alivyo. Nilicheka huku nikilia, watu wakatukwepa kama tunavyowakwepa walevi.

Nilidhani mambo yangeishia kwangu. Ndosho, kule tulikokulia, walinipa jina, wakaniita ndugu ya marehemu. Muuza nyanya alikuwa ananiuliza, “Ndugu ya marehemu, leo unachukua ngapi?” Nilikubali jina hilo. Niliona ni adhabu nyepesi, na siri yako iko salama chini ya kaburi la muzee. Lakini mtu alikuwa amepiga video, na video haihitaji barabara. Ilifika Butembo kabla sijazoea jina langu jipya.

Mengine niliyasikia kwa shemeji, kwenye ujumbe wa sauti aliomtumia Amani. Alisema yeye ndiye aliyekuonyesha ile video, akiwa anacheka, akitaka uone jinsi mdogo wako alivyojiaibisha mjini. Alisema hukucheka. Ulitazama watu wakinicheka, ukawatazama wakisimama kukuombolezea, ukamrudishia simu yake, ukaenda kumnyonyesha mtoto. Jumapili, wakati wa matangazo, uliomba neno. Watu walidhani ni habari za mazoezi. Shemeji alikuwa amekaa mbele pamoja na mashemasi.

“Ule wimbo ni mimi niliuimba,” ulisema. “Mudogo wangu hakusema uongo. Na mimi sijakufa.”

Kisha ukarudi mahali pako. Wazee wakakaa kikao, kwaya wakaikabidhi kwa mwingine, na wewe ukapewa benchi la karibu na mlango. Benchi lile lile, dada. Tulilikimbia Ndosho kwa ujanja wa mfuko na vazi la kwaya, nami nimekupeleka ukalikalie Butembo kwa mdomo wangu. Tena hukulazimika. Muzee alikuwa amekuficha vizuri. Ungebaki marehemu, uendelee kuongoza kwaya yako, na mimi niendelee kuwa mwongo wa Ndosho, na hiyo ingekuwa haki yangu. Ulitoka kaburini kwa ajili ya jina langu. Mimi nililitupa la kwako, wewe ukaja kuliokota la kwangu.

Nilikupigia simu hukupokea. Nikapiga tena. Nikaandika, nikafuta, nikaandika. Shemeji alisema uko sawa, unakula, unalala, ila hutaki kuzungumza habari hizo. Nilimuuliza kama na yeye amenikasirikia. Alikiri kwamba aliumia, si kwa sababu ya wimbo, bali kwa sababu amelala kando yako miaka yote hii bila kujua kwamba ile sauti aliyoingia nayo ukumbini siku ya harusi yenu ilikuwa imemshika mkono. Kisha akaongeza, kama jambo dogo, kwamba Jumapili iliyofuata yeye hakwenda kukaa na mashemasi. Alikwenda kukaa mlangoni, karibu nawe, na mtoto mapajani.

Nilimsikiliza Amani akiurudisha ujumbe ule nyuma ili tusikie tena hapo. Nimemwambia kwamba siku nikikosea mbele ya watu sitaki maua, nataka tu aje akae kwenye benchi langu. Akasema atalitengeneza la chuma ili lisichakae.

Sasa jibu lako.

Tuliingia ukumbini mchana, mimi mkononi mwa Amani, shangazi zake kutoka upande wa Rumangabo wakitutangulia kwa hatua zile za polepole mpaka unaona hamtafika. Wimbo ulikuwa juu kabisa. Yule mwanamume aliuliza maswali yake yote: umetoka wapi, mvua imekukuta wapi, nani amekusindikiza. Mimi nilikuwa ninahesabu moyoni, nikijua unakaribia. Nilikuwa nimemwambia Amani tusimame katikati, nikajisingizia kiatu, kumbe nilitaka nikusikie nikiwa nimesimama wima. Alipouliza swali lake la mwisho, mbona jua limezama hujafika, umeme ukakatika.

Kimya, dada. Vipaza sauti vilikufa vyote mara moja. Nilibaki katikati ya ukumbi na maua yangu, na wewe hukuwepo. Niliwaza: hakufika kwa barabara, na kwa sauti pia hakufika.

Halafu upande wa masufuria, wamama waliokuwa wanapakua chakula wakaanza bila mtu kuwaambia. “Niko njiani.” Wakadakwa na meza ya jirani, na shangazi za Amani, na wale waliosimama mlangoni, na motari waliokuwa wanangoja abiria nje. Ukumbi mzima. Na baada ya “njiani”, kabla ya mlango, wote walikatika. Wote, wazee kwa watoto, walivuta pumzi ile fupi kama ya kwikwi, mahali pale pale moshi ulipokukaba, ndipo wakamalizia. Hakuna aliyewafundisha. Hakuna aliyejua kwa nini wimbo unapumua pale. Wanajua tu kwamba hauimbwi kwa namna nyingine.

Nililia, na kila mtu akadhani ni machozi ya bibi harusi.

Kwa hiyo, uliniuliza kama ulisikika vizuri. Mashine haikutoa hata neno lako moja. Lakini nilikusikia kwa vinywa vya watu wote waliokuwepo, na sikusikia mahali ulipoharibu. Hilo ndilo nililopaswa kukuandikia siku ile ile, nikuandikie wewe peke yako, ninyamaze kwa wengine. Badala yake nilikaa na furaha yangu mpaka ikafurika mahali pasipo pake.

Siombi unisamehe upesi. Nimeiandika barua hii ili wale waliosimama kukuombolezea wajue kwamba walimwombolezea mtu anayepika, anayenyonyesha, na anayesikia. Muzee Bonane nimemsomea kabla ya kuituma. Akasema nikuambie kwamba ile siku mafuta ya jenereta hayakuwa yamekwisha. Aliizima mwenyewe, ili usirudie.

Barabara ikifunguka tutakuja, mimi na Amani, na Jumapili hatutakwenda kukaa mbele pamoja na wageni. Mwambie shemeji asogee kidogo.

Mdogo wako,
aliyekubebea mfuko